Lango la Karani

Farasi wa sita alikufa ameshiba, na hilo ndilo lililonikera kuliko kifo chenyewe. Alikuwa dume mwekundu, mzoefu wa mteremko wa bondeni, aliyezoea kushuka na masanduku manne ya damu na kupanda na barua za zahanati bila kulalamika. Asubuhi ile alikula pakanga nusu ndoo kwa hamu ya mtu aliyetoka kufunga mwezi mzima, akajilamba midomo, akalala ubavu. Povu likamtoka puani. Alikata roho kabla uji wangu haujapoa.

Mimi ndiye mtandazaji wa zizi la ushirika hapa juu Kitulo. Kazi yenyewe ukiisimulia mjini watu wanacheka. Kila asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, napanga uwanjani ndoo thelathini na mbili, kila moja na chake: pakanga, shubiri mwitu, mnanaa, mbegu za maboga, magome ya aina saba, mkaa, udongo mweupe. Kisha nawaachia farasi wajitibu. Mikono naiosha kwa majivu, maana sabuni inaharibu harufu. Simwiti farasi, simsifii, simwelekezi. Akishaingia uwanjani namgeuzia mgongo, kwa sababu farasi anausoma uso wa mtu upesi kuliko mtu anavyosoma gazeti. Ukitamani ale mnanaa, atakula mnanaa akufurahishe, na minyoo itabaki palepale.

Dawa za viwandani zilishashindwa na minyoo tangu enzi za bibi yangu. Barabara za mabondeni nazo ziliporomoka zote katika masika moja, na upepo wa huku hauruhusu kitu chochote cha kuruka. Ndiyo maana farasi wakarudi, na ndiyo maana farasi akiugua huku juu, kuna mtu bondeni anayeumia.

Lakini kumsubiri farasi achague kunataka subira. Mwingine ananusa ndoo saa nzima, mwingine anaondoka bila kugusa kitu na kurudi kesho. Miaka tisa iliyopita ushirika ulileta hatamu ya ndani, punje ndogo kama ya mchele inayopandikizwa puani. Mashine iliyoko ofisini inapima damu ya farasi, inaamua anahitaji nini, kisha ile punje inaugusa mshipa wa harufu, na mmea uliochaguliwa unanukia utamu kuliko yote. Farasi anakwenda kwa miguu yake na kula kwa mdomo wake. Nilikuwa mmoja wa walioifundisha mashine hiyo. Miaka miwili nilikaa nayo nikiisomea nani kala nini na kapona lini. Sisi wafanyakazi tunaiita Shemeji, maana inaingilia mambo ya nyumba hata isipoulizwa.

Na kusema kweli alikuwa shemeji mzuri mpaka ilipoingia homa ya povu.

Farasi mmoja tu ndiye hakuwa na hatamu. Karani, jike la kijivu, tulimpandikiza mara mbili, na mara mbili pua ilitunga usaha ikaitema punje. Tulimpa jina hilo kwa tabia yake ya kukagua ndoo zote thelathini na mbili moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta kosa kwenye stakabadhi, kabla hajaamua. Tulimtenga kwenye boma la juu ili wengine wasimwige wakamvurugia Shemeji hesabu. Kila asubuhi wenzake walimwita kutoka chini, naye aliitikia. Nilimtandazia peke yake mwisho wa kazi, na nakiri kwamba hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu nzuri ya siku.

*

Siku ya tano ya homa, Mwenyekiti wetu, Bwana Nahumu Swalo, alipanda kutoka Matamba. Tulisalimiana kamwene, nikampa chai, akashika kikombe bila kuinywa. Tulikuwa na farasi ishirini na wanne. Sita walikuwa wamekufa, tisa walikuwa wagonjwa, na wanane wa banda la pili pamoja na Karani walikuwa bado wazima.

Aliniuliza Shemeji anasema nini. Nikamwambia Shemeji anasema mengi, na yote ni ya zamani. Kila siku alibadilisha mmea, na kila siku farasi waliupenda mmea huo. Walikula vizuri na wakafa vizuri. Homa hii haikuwemo katika yale tuliyomfundisha, na tangu hatamu ziwashwe hakuna farasi aliyemfundisha jambo jipya. Aliwachagulia, akaona wamekula, akajipa maksi. Miaka tisa mwalimu na mwanafunzi walikuwa mtu mmoja.

Nilimwomba ruhusa ya kuzima hatamu za wagonjwa ili watafute wenyewe. Alikubali papo hapo, akafuatana nami uwanjani.

Nilitandaza ndoo zote. Nikaingiza wanne waliokuwa bado wanasimama, nikazima hatamu zao, nikageuka. Nilisubiri sauti ya kwato kwenye changarawe, maana baada ya miaka kumi na moja naijua kazi hii kwa masikio. Sikusikia kitu. Nikahesabu mpaka mia tano, kisha nikavunja kanuni nikatazama.

Wote wanne walikuwa pale pale nilipowaacha, vichwa chini, mbele ya ndoo ya kwanza. Hawakuwa wakinusa. Walikuwa wanasubiri waambiwe. Mmoja aliinua kichwa akanitazama usoni, kwa upole kabisa, akingoja uso wangu umwambie kilicho kitamu. Nilikuwa nimewazalisha watatu kati ya hao wanne kwa mikono yangu. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona mbele ya binadamu yeyote.

"Hawajui tena," alisema Mwenyekiti.

"Wanajua. Wameacha kujiuliza."

Tulirudi ofisini. Hapo ndipo alipolitoa lile lililompandisha mlima. Alilizungukia kwanza. Alinieleza kwamba juzi watu walishusha damu kwa miguu siku mbili, ikaharibika njiani, na mama aliyekuwa akiisubiri kule zahanati alifariki pamoja na mtoto. Aliwataja kwa majina, maana aliwafahamu. Kisha akasema Karani bado anajua kujiuliza. Nikamjibu kwamba Karani ni mzima, na farasi mzima haitafuti dawa ya ugonjwa asio nao. Angepita kwenye ndoo zote na kuondoka.

"Ndiyo," alisema. "Nimelifikiria hilo."

Kanuni ya kwanza ya ushirika, ambayo kila mtandazaji anaapa kwayo, inasema farasi hatiwi ugonjwa. Iliandikwa baada ya maabara fulani ya mjini kuwafanyia farasi mambo ambayo wazee wetu hawakupenda hata kuyasimulia.

"Dada Tusekile, sikuambii umdunge sindano," alisema hatimaye. "Nasema tu kwamba lile boma la juu lina lango. Karani anapenda wenzake. Farasi kuwafuata wenzake si ugonjwa aliotiwa na mtu."

Aliondoka, na chai yake ikabaki vilevile.

*

Sikulala vizuri, lakini pia sikuhangaika kama ninavyopenda kujisingizia sasa. Kwa kweli nilishaamua kabla Mwenyekiti hajafika kwenye kona ya chini. Kulipokucha farasi wa saba alikuwa amekufa, na hilo lilinipa kisingizio kilichokuwa kikikosekana.

Nilipanda boma la juu jua likiwa limetoka vizuri. Karani alikuja mwenyewe kwenye uzio. Nilimkuna chini ya taya, mahali anapopenda, akafumba jicho moja. Huko chini mgonjwa mmoja akaita kwa sauti iliyokwaruza. Karani akafumbua jicho, masikio yakasimama.

Nilifungua kufuli kwa funguo ninazozivaa shingoni. Nilisukuma lango mpaka mwisho. Kisha nikageuka nikampa mgongo, mikono ikinuka majivu, kama ninavyofanya kila siku. Nilijiambia maneno mazuri kabisa. Nilisema simwiti, simvuti, simsukumi, nimemfungulia njia tu ili achague.

Uongo mtupu. Farasi ni mnyama wa kundi. Huyu alikuwa amekaa peke yake miaka tisa akiitwa kila asubuhi. Kumfungulia lango kulikuwa sawa na kumwekea mwenye njaa sahani ya ugali halafu umwulize kama angependa kuitazama. Nilijua hivyo mkono ukiwa bado kwenye kufuli, na nikafungua.

Alinipita akanigusa bega kwa ubavu wake wenye joto. Hakukimbia, Karani si wa kukimbia. Aliteremka hatua kwa hatua mpaka banda la wagonjwa, akaingia, akawapitia mmoja mmoja, pua kwa pua, akivuta pumzi zao. Alimaliza safu nzima. Kisha akasimama katikati yao, akashusha kichwa na kutulia. Sikumbuki kumwona na utulivu ule tangu alipokuwa mtoto.

*

Homa ilimshika siku ya tatu. Uvimbe ulijaa juu ya macho, mbavu zikaanza kupanda na kushuka kwa taabu. Siku hiyo hakutaka ndoo hata moja. Siku ya nne vilevile. Nilikuwa nimeandaa kila kitu, maji ya kumpooza, blanketi, mpaka maneno ya kumwambia Mwenyekiti kwamba tumempoteza bure. Farasi mwingine alikufa mchana wa siku hiyo, wa nane.

Siku ya tano Karani alinyanyuka mwenyewe akaja uwanjani. Nilitandaza, nikageuka. Safari hii nilisikia kwato. Hatua mbili, kimya, mpumuo mzito. Hatua mbili, kimya. Alikuwa anakagua. Niliweza kufuata kila ndoo kwa masikio: pakanga, akapita, shubiri, akapita, kwenye mkaa alikaa kidogo, akapiga chafya, akapita. Aliteremka safu ya kwanza, akapanda ya pili. Alipofika ndoo ya thelathini na mbili alisimama muda mrefu mno.

Halafu kwato zikatoka uwanjani.

Niligeuka nikamfuata kwa mbali. Alizunguka banda, akipumzika kila baada ya hatua chache, akaenda mpaka nyuma kabisa, kwenye lundo la takataka za bustani. Akaanza kuchimba kwa kwato la mbele. Alitupa kando majani makavu ya juu, akafika kwenye yale mabichi ya chini, akayanusa, akayatafuna. Alitafuna pamoja na mizizi na udongo wake. Alikuwa akitetemeka huku akitafuna.

Nilipiga magoti nikaokota shina moja. Majani yenye manyoya, utomvu wa njano, harufu ya mafuta ya taa. Gugu la ukutani. Sisi huliita hivyo kwa sababu huota kwenye unyevu wa kuta za banda, na nililijua kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zangu, kwani kwa miaka tisa nililing'oa kila Jumamosi. Shemeji alitaka uwanja safi. Farasi akila kitu kisichomo kwenye daftari lake, hesabu zinavurugika, kwa hiyo amri ilikuwa kila jani lisilokuwa na ndoo ling'olewe hatua mia moja kuzunguka zizi. Wengine walifanya kwa kulipua. Mimi nilifanya kwa bidii, nikichimbua mpaka mizizi, na nilisifiwa kwenye mikutano.

Sikuruhusu majuto yanicheleweshe. Nilijaza gugu lile ndoo ya thelathini na tatu, nikalipeleka ofisini Shemeji alipime, nikamlazimisha alisajili. Nikaziwasha tena hatamu nilizozizima, na alasiri hiyo alizigusa pua za wagonjwa saba waliobaki, wakala wote kwa hamu ileile waliyokula nayo pakanga. Baada ya siku mbili uvimbe ukaanza kunywea. Mmoja tu ndiye alikuwa amekwenda mbali mno, akafa. Sita walipona. Wale wanane wa banda la pili hawakuugua kabisa.

Karani naye aliishi. Ila homa ilimkaa siku mbili nzima kabla hajaweza kusimama na kutafuta, na mapafu yake hayakurudi. Akipumua anapiga mluzi. Hatua ishirini za kupanda anasimama, anatazama mbele kana kwamba kuna mtu anayemsubiri, kisha anaendelea. Daktari wa mifugo alimsikiliza kifua akasema hatabeba tena hata tandiko tupu, na kwamba kila kipupwe kitakuwa mtihani.

*

Mwenyekiti Swalo alirudi wiki mbili baadaye akiwa na furaha ya mtu aliyelala usingizi. Safari hii alikunywa chai, akaomba na ya pili. Damu ilikuwa imeanza kushuka tena mabondeni. Alikuja na taarifa ya ushirika mkoani, imeshaandikwa, inasubiri sahihi yangu tu, akanisomea yeye mwenyewe kwa sauti.

Ilikuwa taarifa nzuri. Ilinitaja kwa heshima. Ilieleza kwamba farasi Karani, asiye na hatamu, aliingia kwa hiari yake katika banda la wagonjwa, akaambukizwa, kisha akatambua mmea wa tiba. Mwisho kulikuwa na pendekezo. Farasi wawili vijana watolewe hatamu, wakae boma la juu, kila mmoja peke yake, wafunzwe upya kuchagua. Likija gonjwa jingine, wafunguliwe.

"Wafunguliwe," nilisema.

"Wafunguliwe lango. Hakuna atakayewagusa. Watachagua, kama alivyochagua yeye."

Niliitazama karatasi. Kilichonitisha ni kwamba lilikuwa wazo zuri. Lingeokoa watu ambao nisingekutana nao kamwe. Na lilisimama juu ya neno moja.

"Mwenyekiti, futa hapo palipoandikwa hiari."

Aliweka kikombe chini. Aliniuliza taratibu, kama mtu anayemsaidia shahidi, kama nilimwita Karani siku ile. Nikasema sikumwita. Kama nilimvuta. Sikumvuta. Kama niligeuza mgongo.

"Niligeuza."

"Basi kwa kanuni zetu zote, dada, amechagua mwenyewe."

"Kwa kanuni zetu, ndiyo. Lakini mimi nilifungua ili augue. Nilijua hawezi kukataa, na nilifungua kwa sababu hawezi kukataa. Andika kwamba Tusekile Ilomo alimtia ugonjwa farasi Karani."

Hakuandika. Alinikumbusha jambo ambalo wote wawili tulilijua, kwamba mtandazaji aliyemtia farasi ugonjwa hatandazi tena, si hapa tu bali katika zizi lolote la ushirika. Akasema pia, na hapo sauti yake ilishuka, kwamba yeye ndiye aliyenitajia lango lile. Nikamwambia aandike na hilo kama linamsumbua. Yeye alitaja lango na mimi nikalifungua, na kilichofanywa na kila mmoja wetu kilikuwa chake.

"Wangekufa wote," alisema.

"Najua."

"Na bado unataka iitwe kosa."

"Nataka iitwe tulichofanya. Ikiitwa hiari, mwakani kutakuwa na malango mawili, na mwaka unaofuata malango kumi, na kila atakayefungua atalala kama mtoto."

Nje, Karani alikuwa ameletwa kuota jua pamoja na wenzake. Mluzi wa pumzi yake uliingia dirishani, ukakatika, ukaanza tena. Mwenyekiti aliusikiliza. Kisha akachukua kalamu, akafuta neno, akakaa na kalamu ile mkononi bila kuandika lingine.

"Niambie ukweli," alisema. "Unajuta?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lingekuwa jibu la mtu mwema, na angeniheshimu kwalo. Nilimfikiria Karani aliponipita pale langoni, joto la ubavu wake. Nikamfikiria na yule mama wa bondeni, ambaye jina lake sasa nalijua.

"Hapana," nilisema. "Siku ile ikirudi, nitamfungulia tena. Ndiyo maana funguo zisikae kwangu."

Nikazivua shingoni, nikaziweka juu ya karatasi.